Kuwaandaa wakufunzi wa chuo kufundisha mtandaoni: semina ya siku mbili yatosha?

Mratibu_Mkomani

Assalamu alaykum walimu wenzangu. Natafuta mpangilio wa kuwanoa wakufunzi 23 wa chuo cha ufundi hapa Lamu wafundishe sehemu ya masomo yao mtandaoni. Idara ni nne: umeme, useremala na uundaji wa mashua, upishi, na biashara. Moodle, mfumo wa kuendesha kozi mtandaoni, imeshawekwa, lakini kozi nyingi ni maganda: jina la somo, PDF mbili, basi. Wanafunzi karibu wote hutumia simu, na wale wa Faza, Siyu na Kizingitini, kisiwani Pate, wakirudi makwao hununua bando za siku moja. Stima nayo hukatika bila taarifa.

Pendekezo lililo mezani ni semina ya siku mbili ukumbini, projekta mbele, kila mtu na laptopu yake. Naona haitoshi, ila nahitaji hoja ya kuiweka mbele ya mkuu wa chuo. Nauliza mambo matatu. Muhula wa wiki 12 ugawanywe vipi? Kazi za mikono zinafundishwaje kwa simu? Na wazee wetu waliofundisha miaka 25 washirikishwe vipi bila kuvunjiwa heshima mbele ya vijana?

BiMitaala_Malindi

Wa alaykum salaam. Hoja ya kumpelekea mkuu wa chuo ni hii: semina ya siku mbili hufundisha vitufe, na vitufe husahaulika kwa kuwa wiki inayofuata mkufunzi hana kozi ya kuvitumia. Mishra na Koehler walilieleza vizuri mwaka 2006: kujua somo, kujua kufundisha na kujua teknolojia ni maarifa matatu yanayofaa pale yanapokutana. Kwa hiyo mkufunzi wa umeme asionyeshwe kitufe hata kimoja kabla ya kuulizwa: ni wapi katika mada yako wanafunzi hukwama kila mwaka? Hapo ndipo pa kuanzia.

Wagawe makundi mawili, la 11 na la 12. Zaidi ya hapo msaidizi mmoja hawafikii wote. Kila kundi lipate wiki sita, vikao viwili vya dakika 90 kwa wiki, asubuhi. Mwezi wa Ramadhani fupisheni hadi dakika 60 na muongeze wiki.

Wiki ya kwanza wakufunzi wawe wanafunzi. Wafungue kozi kwa simu zao, kwa data ya kawaida, bila Wi-Fi ya chuo: wapakue somo, wachangie mjadala, wafanye jaribio la maswali matano, wawasilishe kazi ya picha. Faili la MB 40 linapogoma kufunguka mkononi mwa mkufunzi mwenyewe, hutahitaji kumhubiria tena kuhusu ukubwa wa faili.

Wiki ya pili kila mmoja achague mada moja ya wiki mbili, na kikao cha kwanza laptopu zibaki zimefungwa. Kwenye karatasi aandike mwanafunzi ataweza kufanya nini, nitaonaje kwamba ameweza, atafanya zoezi gani kufika huko, na mwisho kabisa, kwa chombo gani. Wengi hukimbilia swali la nne, na matokeo yake ndiyo hayo maganda unayoyaona. Wiki ya tatu na ya nne ni za kutengeneza. Ya tano, waiteni wanafunzi watano waipitie mada kwa simu huku mkufunzi akikaa kimya na kuandika wanapokwama. Kukaa kimya ni kugumu kwa mwalimu, lakini akianza kuelekeza jaribio limeharibika. Ya sita ni kurekebisha na kuifungua mada kwa darasa zima.

Muda huo utolewe kwenye ratiba rasmi. Ukiambiwa watajitengenezea jioni, kataa kwa adabu. Hapo ndipo mipango mingi hufia, kwa sababu mada ya kwanza hula saa nyingi na mkufunzi ana vipindi vyake vya kawaida.

Kuhusu kupima, usitumie fomu ya "unajua kompyuta kiasi gani?" Mnyenyekevu atajishusha na mwenye kujiamini atajipandisha. Wape kazi ya dakika 20: weka picha isiyozidi MB 1, panga tarehe ya mwisho ya kazi, mrudishie mwanafunzi maoni. Andika nani amemaliza peke yake na nani kwa msaada. Rudia kazi ile ile wiki ya sita.

Wazee wapangwe wawili wawili na vijana wa idara nyingine, maana kukosea mbele ya msaidizi wako wa kila siku huuma zaidi. Kanuni iwe moja: anayesaidia haigusi simu wala kipanya cha mwenzake, anaelekeza kwa maneno tu. Na ujuzi wao uingie kwenye kozi kikweli. Maalim aliyesahihisha kazi miaka 25 anayajua makosa ya wanafunzi kwa majina. Makosa hayo ndiyo majibu potofu ya maswali ya kuchagua. Kijana hubuni majibu potofu ambayo hayamtegi mtu, na swali likawa halipimi chochote.

Fundi_Seva

Naunga mkono Bi Mitaala, naongeza ya upande wa mitambo, kwa sababu mkufunzi akikwama mara mbili kwa kosa la seva huiacha kozi kabisa.

Kwanza, kikomo cha kupakia. Kipo katika sehemu nyingi, na kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. PHP, lugha inayoiendesha Moodle, ikiachwa ilivyo, upload_max_filesize ni MB 2 na post_max_size ni MB 8; mkitumia Nginx, programu ya seva ya wavuti, client_max_body_size ni MB 1. Halafu kuna kikomo cha tovuti, cha kozi, na cha zoezi lenyewe. Mkufunzi ataandika MB 20 kwenye zoezi na mwanafunzi bado atagomewa. Msimamizi ayapandishe yote kabla ya wiki ya kwanza. Wanafunzi nao wafundishwe kuchanganua karatasi kwa programu ya Google Drive kwenye Android badala ya kupiga picha: kurasa sita za picha za kamera hufika MB 20 na zaidi, wakati PDF iliyochanganuliwa huwa ndogo mara nyingi.

Pili, saa. Seva iwekwe Africa/Nairobi. Ikibaki UTC, yaani saa ya kimataifa, tarehe za mwisho zitapishana kwa saa tatu. Na kuna mtego wa lugha yetu: mkufunzi anamaanisha saa mbili usiku, anaandika 2:00, na Moodle inafunga saa nane usiku. Au anaweka Ijumaa 00:00 akidhani ni Ijumaa usiku, kumbe ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Mimi hupendekeza mwisho wa kazi uwe 17:00, saa kumi na moja jioni, siku ya kazi, ili atakayekwama ampate mtu wa kumuuliza.

Tatu, ukubwa. Hesabu ni rahisi: kilobiti kwa sekunde, zidisha kwa sekunde, gawanya kwa 8 upate kilobaiti, kisha kwa 1,000 upate MB. Sauti pekee kwa kilobiti 32, dakika 10, ni MB 2.4. Video ya dakika 6 kwa kilobiti 500 ni MB 22.5. Hiyo hiyo kwa kilobiti 2,500 ni MB 112.5, na hakuna wa Kizingitini atakayeipakua kwa bando la siku. Tumieni HandBrake, programu ya kupunguza ukubwa wa video: kimo cha picha pikseli 480, fremu 15 kwa sekunde kama ni slaidi, sauti ya mono. Maelezo marefu yawe sauti pamoja na PDF; video iachieni kitu kinachosogea.

Nne, kutoka mtandaoni na kurudi. Programu ya simu ya Moodle huruhusu jaribio kufanywa bila mtandao, lakini mkufunzi lazima aiwashe ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya jaribio, asiweke kikomo cha dakika, aache maswali yapitiwe kwa mpangilio wowote, na maoni yatoke baada ya kuwasilisha. Akiweka dakika 30, ruhusa hiyo haina kazi tena. Hili huwachanganya wengi.

Kila mkufunzi apewe akaunti ya pili ya mwanafunzi wa majaribio. Kile kitufe cha kubadili wajibu ndani ya kozi hakionyeshi kila anachokiona mwanafunzi, hasa kuwasilisha kazi.

Randa_na_Patasi

Nijibu la kazi za mikono. Usiwaache warekodi kipindi kizima. Guo na wenzake mwaka 2014 walichunguza video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, wakaona watazamaji huanza kuchoka zinapopita dakika sita. Kwa karakana, video moja iwe na kitendo kimoja. Kutia kalafati kwenye mashua, kwa mfano, kugawe: kusafisha mwanya, kuandaa pamba, kuipigilia, kukagua. Hizo ni video nne za dakika mbili mbili.

Kamera ikae nyuma ya bega la fundi, itazame mikono kutoka upande wa fundi mwenyewe. Ukimrekodi kutoka mbele, kulia kunakuwa kushoto, na mwanafunzi anaiga kinyume. Simu ilazwe kwa upana, ibanwe kwenye stendi, sentimita 60 hadi 80 juu ya kazi. Mwanga utoke upande wa mkono usiofanya kazi, kivuli kisiangukie chombo. Na msirekodi sauti ufukweni: upepo wa kusi utafunika kila neno. Chukueni picha tu, kisha sauti isomwe ndani ya chumba chenye mapazia au magodoro.

Muhimu kuliko video ni kinachorudi kutoka kwa mwanafunzi. Mitaala ya umahiri inadai mkusanyiko wa ushahidi, kwa hiyo zoezi liombe picha tatu (kabla, katikati, baada), kipande cha karatasi chenye jina na tarehe kikionekana ndani ya picha, na sauti ya dakika moja akieleza kwa nini alifanya hivyo. Picha inaweza kuazimwa. Maelezo ya sababu ni vigumu kuyaazima. Mwisho, umahiri wenyewe upimwe karakanani ana kwa ana. Mtandao umtayarishe mwanafunzi ili saa za karakana zisiishie kwenye kuandika nukuu.

Sura za wanafunzi zikionekana, idhini ichukuliwe kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu na nyinyi.

Mratibu_Mkomani

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Swali moja la nyongeza kwa Fundi_Seva: kuna wazo la kupeleka Moodle ndogo kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, huko Faza, wanafunzi wasome bila intaneti. Ni wazo zuri?

Fundi_Seva

Kwa kusoma na kufanya mazoezi, naam. Ipo MoodleBox, Moodle iliyotayarishwa kwa Raspberry Pi, huandikwa kwenye kadi ya SD, GB 32 zatosha kuanza. Lakini wakufunzi wayajue mambo haya kabla hawajaitegemea.

Alama hazitajiunga zenyewe na Moodle ya chuo. Mtu lazima atoe faili la alama, alilete, aliingize. Mpeni mtu huyo jina na siku maalumu.

Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikizimika bila intaneti, saa yake hupotea na tarehe za mwisho zinavurugika. Nunueni moduli ya saa ya DS3231, au msiweke tarehe za mwisho kabisa kwenye kisanduku hicho, njia ambayo ni nyepesi zaidi.

Stima ikikatika wakati kadi inaandikwa, faili huharibika. Inahitaji volti 5 na ampea 3 za kutulia, na betri inayoweza kuchaji na kutoa kwa pamoja. Pawabanki nyingi hukata kwa sekunde moja zinapohama kutoka stima kwenda betri, na sekunde hiyo inatosha kuizima Raspberry Pi. Andaeni kadi ya pili iliyonakiliwa tayari.

Wi-Fi yake ya ndani ni dhaifu kwa darasa la watu 30. Unganisheni ruta ya kawaida kwa waya. Na chumvi ya bahari hula milango ya USB haraka: kisipotumika kihifadhiwe kwenye kopo la kifuniko cha kubana, pamoja na pakiti za silika jeli.

Anzeni na mada mbili tu zilizopita wiki ya tano, zile ambazo wanafunzi watano wameshazipitia na kasoro zimerekebishwa. Kurekebisha kosa kwenye seva ya chuo ni dakika tano. Kulirekebisha Faza ni safari ya mashua.