Mrejesho: Mirage, A tumeiweza, B bado

Wakuu, nimerudi. Niliomba msaada hapa kwa sababu timu yetu ya watu 5 ilikuwa inachapwa kwenye Mirage, ramani ya mchezo wa kompyuta wa Counter-Strike 2 yenye maeneo mawili ya kutega bomu, A na B: tukishambulia A tunakwama, tukilinda B inavunjwa.

Ushauri wa kuchukua katikati kwanza ndio uliotuokoa. Mmoja anarusha bomu la moshi dirishani, wawili wanasogea, walinzi wanalazimika kugawanyika. Ndipo tunaziba ngazini na njia ya CT (upande wa walinzi) kwa moshi, tunaingia A wote kwa pamoja. Moshi haudumu sana, anayechelewa anakuta umeisha. Hilo tumelifanyia mazoezi jioni 3 nzima. Juzi tumeshinda 13 kwa 9!

B bado. Tumeacha kung'ang'ania mlango wa vyumbani kama mlivyosema. Mlinzi anarudi nyuma, anasubiri wenzake, hafi mapema tena. Ila kulikomboa eneo kunatushinda: bomu linalipuka baada ya sekunde 40, na kulitegua bila kifaa ni sekunde 10. Mara nyingi tunafika muda umeshatukimbia. Sasa angalau wawili wananunua kifaa, kinachoshusha hadi 5.

Mkuu uliyenielekeza pa kusimama wakati wa kurusha moshi, asante sana.