Tupeane uzoefu: siku ulipokimbia Goma, ulibeba nini mkononi?

Mtoto wa Katindo

Habari zenu wapendwa. Juzi kwenye matanga ya mjomba, Himbi, wazee walikaa uani wakibishana ni mwaka gani volkano yetu ya Nyiragongo ilitutesa zaidi. Nikaingiza mdomo na kisa changu cha 2021, na tangu hapo sina heshima tena katika ukoo.

Jumamosi ile ya tarehe 22 Mei, mnamo saa moja jioni, anga upande wa mlima likawa jekundu. Hakuna aliyetangaza kitu. Tuliona tu majirani wanafunga milango na kushika njia, nasi tukashika njia. Nilihakikisha nimechukua kitu cha maana, nikakitia mfukoni, nikamshika mke mkono, watoto wawili mbele, mpaka Barieri Kubwa, kwenye mpaka wa Rwanda. Saa tisa usiku tuko Gisenyi, tumekaa kwenye ukingo wa barabara, baridi ya ziwa inapiga. Natia mkono mfukoni, natoa telekomandi ya televisheni. Hati ya parsele (kiwanja), diploma, kadi za chanjo za watoto, vyote juu ya kabati. Mke wangu hakusema neno. Aliitazama telekomandi, akanitazama mimi, akageukia ziwa.

Mzee mmoja pale matangani akaniambia, "Wewe angalau ulibeba. Sisi wa 1977 hatukupata hata nafasi ya kuitana majina."

Basi karibuni. 1977, 2002, 2021, yote ni yetu. Na nyinyi wa 1994 pia msikae kimya: hamkukimbia, lakini mlikimbiliwa. Sharti ni moja tu, usitusimulie ulichosoma, simulia ulichoshika.

Nyanya wa Kibati

Mjukuu wangu ndiye anayeandika, mimi naongea.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 10 Januari 1977, asubuhi. Nilikuwa na miaka tisa, niko na mama shambani tunavuna maharage. Watu wa mjini mnadhani moto wa mlima unatambaa. Huo mliouona Birere ulitambaa, ndiyo. Wa kwetu ulishuka mbio. Haukutokea hata kule juu kileleni, ubavu wa mlima ulipasuka na moto ukatoka pembeni, mwepesi kama maji ya mvua kwenye mteremko. Baadaye sana wataalamu walisema ziwa lote la moto lililokuwa juu lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Mimi sikuwa na saa. Ninajua mama aliita mara moja tu, akamnyakua mdogo wangu, tukakimbia kuvuka mteremko, si kuushuka. Jirani zetu walioshuka hatukuwaona tena.

Nilikuwa na kikapu cha maharage kichwani. Sikukitua. Mama alinipigia kelele nikitupe, nikakataa, sijui kwa nini. Tuliposimama kilikuwa nusu. Hayo ndiyo tuliyokula siku mbili.

Tuliporudi kutazama, miti iliyosalia ilikuwa imevishwa jiwe mpaka kiunoni mwa mtu mzima. Moto ulipita ukiwa umejaa hadi pale, kisha ukapungua, ukaacha ngozi yake kwenye shina. Nilipapasa mmoja. Ulikuwa bado vuguvugu.

Serikali ya wakati ule ilisema wamekufa watu kama 70. Wengine wakasema mamia. Kwetu peke yake ninaweza kuwahesabia kwa vidole vya mikono miwili na bado vidole havitoshi.

Motari 243

Shikamoo nyanya. Kuvuka mteremko badala ya kuushuka, hilo nalihifadhi. 2021 mimi nilishuka moja kwa moja na pikipiki yangu nikiwa na abiria watatu nisiowajua, na hakuna aliyelipa 😅

Mwalimu mstaafu

Nimesoma sharti lako, mwanangu, nikasita siku mbili.

Julai 1994 nilikuwa ninakaa si mbali na Barieri Ndogo. Kuanzia tarehe 14 walianza kuingia kutoka Rwanda, na barabara haikuwa na nafasi tena ya kuweka mguu. Kwa siku kama tano, karibu watu milioni moja waliingia eneo letu. Dunia nzima iliuona mji huu kwenye televisheni wiki ile. Sisi tulikuwa upande wa pili wa kamera.

Umeuliza kuhusu vitu vya mkononi. Nilivitazama sana vitu vyao. Magodoro, mbuzi, bido za maji, cherehani. Bwana mmoja alibeba fremu ya dirisha, vioo vikiwa vizima, peke yake, bila mzigo mwingine. Pale mpakani bunduki na mapanga vililundikwa kama kuni, na katika mkondo ule ule walitembea waliokuwa wameua na wasiomgusa mtu. Kwa macho hungewatenganisha.

Kisha kipindupindu. Walikuwa wanakunywa ziwa. Ndani ya wiki moja kando ya barabara kukawa na mikeka iliyokunjwa, na nilipokwenda asubuhi kutafuta mkate nilijizoeza kutoitazama, maana mwingine ndani yake alikuwa amelala tu. Goma ni jiwe, mnajua wenyewe, shimo la choo tu ni kazi ya wiki nzima kwa nyundo. Walizikwa wapi? Jeshi la Ufaransa lilileta mitambo ya kupasua ardhi. Makadirio ya waliokufa na maradhi wakati ule yanafika 50,000.

Uani kwangu kulikuwa na bomba. Siku ya kwanza na ya pili lango lilikuwa wazi na watu walichota. Siku ya tatu mtoto wangu wa mwisho akaanza kuharisha. Nilitia kufuli langoni. Nilikaa ndani na ufunguo mkononi, nikisikia vikombe vikigongwa kwenye mabati. Ndicho nilichoshika 1994.

Dada Furaha

Mwalimu, mimi ni mzazi pia. Mama yangu aliacha lango wazi na tulimzika mdogo wetu Agosti. Sisemi zaidi.

Wa Birere

Pole sana Mwalimu, pole Dada.

Miye ni wa 2002, Alhamisi tarehe 17 Januari. Tofauti na nyanya, siye tulipewa muda, na muda huo ndio uliotutia wazimu. Asubuhi tulisikia mlima umepasuka, alasiri lava ikaingia mjini, ikapita kati ya uwanja wa ndege, ikaja Birere kwa mwendo wa mtu anayerudi sokoni akiwa amechoka. Unaweza kusimama mbele yake ukaitazama. Inanuka kiberiti. Ikigusa nyumba ya mbao, nyumba haiungui kwanza, mabati ndiyo yanalia, yanajikunja, halafu puu, yote kwa pamoja.

Sasa ukiwa na nusu saa na nyumba yenye vitu vya miaka kumi na miwili, unabeba nini? Papa alichukua nyundo akang'oa mlango. Mlango wa mbele, wa mbao ya libuyu, aliununua mwaka uliotangulia na alikuwa bado anadaiwa. Tuliubeba watu wawili mpaka Gisenyi. Watu wakitucheka njiani. Usiku tuliulalia, watoto watano wamejipanga kama sambaza, vile visamaki vya ziwa, kwenye sinia, na waliotucheka wamelala kwenye majani yenye umande.

Siku ya tatu tukarudi, maana kule chakula hakuna. Lava ilikuwa imekatiza mji vipande viwili na kuingia ziwani. Ukitaka kwenda ng'ambo unapita juu yake. Soli za kandambili zililainika zikanata, ukisimama kidogo unaziacha. Kathedrali haipo. Jumatatu yake kituo cha petroli kilichozungukwa na lava kililipuka, watu wakiwa wanachota mafuta, wakafa makumi. Hao ndio wengi wanaowasahau.

Parsele yetu ilikuwa chini ya jiwe, mita mbili kwenda chini. Mlango tunao, nyumba haipo! Halafu ikaja kesi ya mipaka. Miti yote ya alama imekwenda, kila jirani anakumbuka mparachichi ulikuwa mahali tofauti. Papa na jirani yake walipima kwa hatua mwezi mzima, kila mmoja na hatua ndefu kuliko ya jana. Mwishowe tulijenga juu ya jiwe, kwa mawe yale yale tuliyoyapasua hapo hapo. Mlango uko pale mpaka leo. 2021 papa, mzee wa miaka 74, tulimkuta ameanza kuung'oa tena.

Mama wawili

2021. Nilikuwa na hakika nimembeba wangu mgongoni. Tulipofika kwenye taa za barieri nikamgeuza, kumbe ni wa jirani. Nguo zinafanana, giza, vurugu. Jirani naye alikuwa na wangu, tukapatana siku iliyofuata saa nne. Mtoto wangu alikuwa ameshiba kuliko nilivyowahi kumshibisha 🙈

Mtoto wa Katindo

Mama wawili, umenipunguzia aibu ya telekomandi. Wa Birere, mwambie papa shikamoo.

Kijana wa Majengo

Yangu ni fupi na ina ombi.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlima, tulipoambiwa tuondoke, kartie (mitaa) kumi kati ya kumi na nane za mji, kwa ajili ya matetemeko, tulikwenda Sake kwa miguu, nikisukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, nyanya yangu akiwa juu. Tulilala kwenye ua wa shule. Pembeni yetu kulikuwa na mama mwenye watoto wanne, mkubwa ana kovu nyusini, mdogo anakohoa. Aliniazima sufuria nimpikie nyanya uji. Asubuhi kulipokucha lori likaja, watu wakapanda kwa kusukumana, alipotea kabla sijaiosha.

Mama, kama unasoma hapa au kuna anayekujua, sufuria yako ninayo. Ni ya wastani, kifuniko chekundu si cha kwake. Mshikio mmoja umefungwa kwa waya wa baiskeli.