Diski za ziada kujipachika zenyewe kompyuta ya Linux inapowaka: njia ipi inafaa?

MwanaMkomani (Lamu)

Assalamu alaykum. Nina kompyuta ya Debian 12 inayohifadhi picha na hati kuukuu za ukoo wetu, nyingi zikiwa za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo tunazipiga skani ukurasa kwa ukurasa. Ina diski mbili za ziada. Ya kwanza ni ya terabaiti 4, imo ndani ya kompyuta na inatumia mfumo wa faili wa ext4 (wa Linux). Ya pili ni ya USB, ya terabaiti 2, yenye NTFS (mfumo wa faili wa Windows), na hiyo haitulii mahali pamoja: kila baada ya wiki chache huvushwa kwa boti hadi Mokowe, ikapanda basi hadi Malindi kwa binamu yangu anayetumia Windows, kisha ikarudi na skani zake.

Hadi leo nazipachika, yaani nazifungua ziunganishwe na folda, kwa kubofya jina la diski katika dirisha la faili. Stima ikikatika usiku na ikarudi, kompyuta hujiwasha yenyewe lakini diski hubaki zimefungwa mpaka mtu aingie na kubofya, na skripti ya nakala rudufu ya saa nane usiku hukosa pa kuandikia. Naomba mnilinganishie njia zilizopo.

FundiLangoni (Lamu)

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Kubofya kunafanya kazi kupitia udisks, huduma ya Linux ya kushughulikia diski, ambayo inamtumikia mtu aliyekwisha kuingia kwenye skrini yake. Kwa kompyuta inayofanya kazi peke yake usiku, mahali pake ni faili la `/etc/fstab`, lenye orodha ya diski za kupachikwa. Toa amri ya `lsblk -f`, nakili UUID (namba ya utambulisho) ya kila diski, kisha uandike mstari kama huu:

`UUID=... /mnt/hati ext4 defaults 0 2`

Usiandike `/dev/sdb1` badala ya UUID, kwa sababu majina hayo hutolewa kwa kufuata mpangilio ambao kernel, yaani kiini cha Linux, inazigundua diski, na siku diski ya USB itakapotangulia kuonekana, majina yanaweza kubadilishana. Tarakimu ya mwisho huamua zamu ya ukaguzi: 1 ni ya diski yenye mfumo mkuu, 2 ni ya nyingine za ext4, na ile ya NTFS uipe 0. Kabla ya kuzima kompyuta, endesha `findmnt --verify` na `sudo mount -a`, ili kosa lijitokeze ungali umeketi mbele yake.

BintiShela

Kwa asiyeizoea terminali (dirisha la kuandikia amri), programu ya Disks ya GNOME, mazingira ya madirisha ya Linux, inafika mahali palepale. Unachagua diski, unafungua mipangilio ya kupachika, unazima ile ya kawaida ya mtumiaji, nayo inaandika mstari katika `/etc/fstab` kwa niaba yako. Mstari inaouandika huwa na neno `nofail`, ambalo Fundi hakulitia katika mfano wake, nami naliona ndilo muhimu kuliko yote kwa diski inayosafiri.

Mkaazi_Malindi

Bi Shela amesema kweli, nami nimelipia somo hilo. Niliwahi kuweka diski ya USB katika `fstab` bila `nofail` kwenye kompyuta isiyokuwa na skrini, nikaichomoa diski jioni, na asubuhi kompyuta haikupatikana kwenye mtandao. Systemd, programu inayoanzisha huduma kompyuta inapowaka, huisubiri diski iliyoandikwa humo kwa sekunde 90, na isipoipata, kompyuta huingia katika hali ya dharura na kungoja mtu atoe amri kwa kibodi. Ilinibidi niazime skrini na kuibeba hadi chumba cha juu kwa ajili ya kurekebisha mstari mmoja. Ukiweka `nofail`, kompyuta huendelea kuwaka iwe diski ipo au haipo.

MwalimuWaSeva (Malindi)

Ndugu zangu, nakubaliana nanyi kuhusu kuwaka kwa kompyuta, lakini nina hofu na kile kinachofuata baada ya hapo, hasa kwa kuwa mwenye mada ana skripti ya usiku. Tuseme diski ya USB tumeipa folda ya `/mnt/safari`: diski isipopachikwa, folda hiyo haitoweki. Inabaki kuwa folda tupu iliyo juu ya diski yenye mfumo wenyewe. Skripti itaikuta, itaamini kuwa hiyo ndiyo diski, na itamwaga humo skani zote mpaka diski ya mfumo ijae. Mbaya zaidi, diski halisi ikirudi kutoka Malindi na kupachikwa juu ya folda hiyo, nakala zile hazitaonekana tena ingawa bado zimechukua nafasi. Isitoshe, kwa `nofail` kompyuta haingoji diski kabisa, hivyo hata diski iliyopo inaweza kuchelewa kidogo na huduma nyingine ikaitangulia.

Kwa sababu hiyo, diski ya ndani ningeiwekea `nofail` na kuiacha, lakini ya safari ningeiwekea `x-systemd.automount`. Kwa chaguo hilo systemd hulinda folda na kuipachika diski pale tu programu inapoigusa. Ikiwa diski haipo, aliyeigusa hupewa kosa, wala hapewi folda tupu ya kuandikia. Ongeza `x-systemd.device-timeout=10` ili kusubiri kusizidi sekunde 10, na `x-systemd.idle-timeout=5min` ili diski ijiachie yenyewe baada ya dakika 5 bila kazi.

FundiLangoni (Lamu)

Nimekubali, Mwalimu, mfano wangu ulikuwa na kasoro na hoja ya folda tupu sikuifikiria. Kwa diski ya ndani naongeza kinga moja: kabla ya kuipachika, toa amri ya `sudo chattr +i /mnt/hati`. Folda tupu haitakubali kuandikwa hata na mtumiaji mkuu, lakini diski itapachikwa juu yake bila shida. Na skripti ianze kwa `mountpoint -q /mnt/hati || exit 1`.

BintiShela

Je, kuna faida ya kuandika mafaili ya `.mount`, yanayoiambia systemd diski ya kupachika, ndani ya `/etc/systemd/system`?

MwalimuWaSeva (Malindi)

Kwa kazi hii sioni, dada. Systemd huigeuza mistari yote ya `fstab` kuwa mafaili ya aina hiyo kompyuta inapowaka, na ukiyaandika mwenyewe ni lazima jina lilingane na njia ya folda, kwa mfano `mnt-hati.mount`. Kama ni huduma inayohitaji diski iwepo kwanza, `RequiresMountsFor=/mnt/hati` katika faili la huduma hiyo inatosha.

MwanaMkomani (Lamu)

Ahsanteni nyote. Nimeandika hivi:

`UUID=... /mnt/hati ext4 defaults,nofail 0 2`
`UUID=... /mnt/safari ntfs-3g uid=1000,gid=1000,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.device-timeout=10,x-systemd.idle-timeout=5min 0 0`

`uid` na `gid` nimeziweka kwa sababu nataka faili za NTFS zionekane kuwa zangu. Upande wa ext4 nilitumia `chown`, amri ya kubadilisha mmiliki, mara moja. Baada ya `sudo systemctl daemon-reload` nimeizima kompyuta, nikaichomoa diski ya USB na kuiwasha tena. Imewaka bila kuchelewa, `/mnt/hati` ipo, na nilipojaribu kunakili faili kwenda `/mnt/safari` nilingoja sekunde 10 nikaambiwa kifaa hakipo. Nimempigia binamu simu kumsihi kwamba asiichomoe diski kwenye Windows kabla ya kuitoa kwa utaratibu, maana NTFS iliyoachwa wazi Linux huikataa au huifungua kwa kusoma tu. Diski itarudi kwa basi la Alhamisi, nami nitaijaribu tena siku hiyo.