Mama anakesha usiku: tununue taa ya mwanga mkali?

Binti wa Nkuhungu:
Shikamooni wakubwa zangu. Mama yetu ana miaka 78 na ana ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Mchana husinzia kitini, pazia likiwa limefungwa kwa sababu ya vumbi. Ikifika saa nane usiku hujifunga khanga, hushika komeo la mlango na kusisitiza kwamba mbuzi hawajafunguliwa, ilhali hatufugi tena tangu tulipohama Bahi. Kaka aliye Ulaya anataka kumtumia taa ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga). Naomba kujua inavyofanya kazi, na kama inafaa.

Muuguzi mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Ndani ya ubongo kuna kijisehemu kinachoendesha saa ya mwili kwa kufuata mwanga unaoingia machoni. Alzheimer hukidhoofisha, na kwa kuwa lenzi ya jicho la mzee nayo huwa imegeuka manjano, mwanga unaokifikia hupungua zaidi. Taa hiyo hutumiwa asubuhi, kwa kawaida nusu saa. Ushahidi wake, hata hivyo, haujakata shauri: huko Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulitumia mwanga wa takribani luksi 1,000 mchana kutwa katika nyumba 12 za kutunzia wazee, dalili za huzuni zikapungua na akili ikafifia polepole kidogo, lakini mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona sababu ya kutosha ya kuipendekeza. Mimi nisingemgharimu kaka yako. Nje, hata kukiwa na mawingu, mwanga ni maelfu ya luksi, na hapa Dodoma jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima.

Mkulima wa Kongwa:
Dada, pole sana. Baba tulimkalisha kibarazani kila siku kuanzia saa mbili hadi saa tatu na nusu, kivulini lakini akielekea mashariki, na ungo wa karanga za kuchambua mapajani, kwani akiachwa mikono mitupu alilala palepale. Mwezi wa saba upepo ni mkali, hivyo tulimfunika blanketi. Baada ya majuma kama matatu bado aliamka usiku, ila akiambiwa arudi kitandani alirudi. Kosa letu lilikuwa taa nyeupe ya ukumbini iliyowaka usiku kucha. Tuliibadilisha tukaweka ndogo ya manjano, chini karibu na mlango wa choo, asije akajikwaa.

Muuguzi mstaafu:
Naongeza: akapimwe macho kwanza, maana mtoto wa jicho huzuia mwanga, na mwenye ugonjwa wa macho au anayetumia dawa zinazofanya ngozi iungue juani hapaswi kuwekewa taa kali bila daktari kujua. Chunguzeni pia kama haamshwi na maumivu au haja ndogo.

Binti wa Nkuhungu:
Nashukuru sana. Macho hayajapimwa tangu tuhame, kwa hiyo tutaanzia hapo. Nimemwomba kaka asitume taa kwanza, na pazia nimelifungua. Mama ameniuliza nani ameezua nyumba.