Mrejesho: tumemaliza Hometown Cha-Cha-Cha

Wapendwa, mwezi uliopita niliwauliza kama tamthilia hii ya Kikorea ya mwaka 2021 inafaa kuangalia na mama, maana hapendi matusi wala damu. Wengi mlinijibu nianze tu. Tumemaliza vipindi vyote 16, asanteni sana.

Mama alinogewa pale Hye-jin, daktari wa meno kutoka Seoul, alipokwama kijijini Gongjin bila hela mkononi. Kadi hazifanyi kazi, hata kahawa hawezi kuilipia. Du-sik, kijana wa hapo kijijini anayefanya kila kazi, anampeleka kusafisha ngisi ili apate pesa! Mama akasema, "Huyo ndiye mume."

Lakini aliyetushika kabisa ni bibi Gam-ri. Meno yanamuuma, anataka yang'olewe tu kwa kuogopa gharama ya kuweka mapya. Hye-jin anamkasirikia, na ni hasira ya uchungu, kwa sababu yeye alifiwa na mama yake akiwa mdogo. Mama yangu alinyamaza. Kesho yake akaniambia jino lake la nyuma linamsumbua tangu Ramadhani. Tumeshakwenda kliniki.

Vipindi vya mwisho wekeni leso karibu. Sisi tunaanza upya Ijumaa, safari hii na shangazi.