Nimekuta daftari langu la namba za vichwa vya treni, Tabora 1987, kuna alama sizielewi

MtotoWaKota:
Wakuu habari za jioni. Wiki jana nilikuwa Tabora kumsaidia mama kupanga vitu, anahamia chumba cha uani, sasa kwenye lile sanduku la bati, chini kabisa, chini ya vitenge vya marehemu bibi ambavyo hakuna anayethubutu kuvigusa, nikakuta daftari. Lile la zamani lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kona zote zimeliwa na mende. Nikajua la hesabu. Kufungua hivi, namba za vichwa vya treni mwanzo mwisho! 8807, 8819, 8807 tena, 8826, tarehe, saa ya kukadiria (saa ya mkononi nani alikuwa nayo, tulikuwa tunasikilizia adhana) na alama pembeni. Mwaka 1987, nilikuwa darasa la tano.

Kwa ambao hawakukulia pale, treni ya abiria ikitoka Dar ikifika Tabora inakatwa. Mabehewa ya Mwanza kivyake, ya Kigoma kivyake, na yapo ya Mpanda ambayo yanaenda mpaka Kaliua ndio yanachepuka kushoto. Kazi yote hiyo inafanywa na kichwa cha shanta, kinaenda mbele kinarudi nyuma, kinagonga behewa kishindo mpaka abiria anamwagikiwa chai, jamaa na kibendera chake anakimbia kwenye kokoto anapiga kelele. Sisi watoto wa kota (nyumba za wafanyakazi wa reli) tunakaa juu ya rundo la mataruma ya chuma, yale yanayolaliwa na reli, tunaangalia, hiyo ndio ilikuwa sinema yetu na kiingilio hakuna. Mimi na jirani yangu mmoja (sasa hivi ni mchungaji Shinyanga) tulikuwa tunashindana, atakayesoma namba kwanza ndiye anaiandika, mwenzie haruhusiwi hata kama kaiona. Nadhani ndio maana nimevaa miwani mapema.

Sasa alama. K, M na MP hizo hazina shida, Kigoma, Mwanza, Mpanda. Ila kuna KT, ipo mara kumi na moja. Kuna 2 iliyozungushiwa duara. Na kuna kisamaki kimechorwa, kina jicho kabisa na mapezi, kipo siku za treni inayotoka Kigoma tu lakini sio zote, na vingine nimevipiga mstari katikati kwa hasira mpaka karatasi imechanika. Nimekaa na hili daftari siku tatu sikumbuki kitu. Kuna mtu alikuwa na huu wazimu anisaidie? Au nilikuwa peke yangu Tabora nzima?

KiloleniYetu:
Hahaha mkuu bahati yako ulikuwa mtoto. Mtu mzima akae stesheni na daftari anaandika vichwa na saa miaka ile, vita vya Kagera hata miaka kumi havijaisha, asingemaliza wiki bila kuulizwa anatumwa na nani. Mjomba wangu alinyang'anywa kamera kwa kumpiga picha shemeji yake tu, kosa la shemeji alisimama na daraja la reli nyuma yake.
KT si Kigoma-Tabora hiyo? Mbona rahisi.

MtotoWaKota:
Nilifikiri hivyo mkuu ila haikai, KT nyingine ziko usiku na mbele yake nimeandika M. Treni ya Mwanza inaitwaje Kigoma-Tabora.

MzeeWaKibendera:
Wanangu mwangaluka. Mimi nimeingia reli 1971 nikiwa kijana, sehemu kubwa nimekaa hapo hapo Tabora, na huenda huyo unayesema anakimbia kwenye kokoto anapiga kelele ni mimi, na kelele zenyewe nilikuwa nawapigia nyie mshuke kwenye mataruma.

KT ni kichwa kitupu. Kazini tulikuwa tunasema laiti injini, watoto wa kota mkawa mnasema kichwa kitupu, yaani kinaenda peke yake hakina behewa nyuma. Ukikiona kinatoka usiku hivyo kwa haraka ujue mbele kuna mwenzake kakwama, kinaenda kumvuta. Mke wa dereva akisikia honi ya kichwa kitupu saa nane za usiku haulizi, anaamka anawasha jiko, anajua mtu atarudi kesho kutwa. Na 2 ya duara ni vichwa viwili vimefungwa pamoja kwenye treni moja ya mizigo, hiyo sidhani kama unahitaji profesa.

Namba nazo sio za bahati nasibu. Mbili za mwanzo ni klasi, mbili za mwisho ni namba ya kichwa chenyewe. 8807 ni klasi ya 88, cha saba. Utaratibu huo tuliurithi kwa reli ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika 1977. 88 zilitoka Canada, zimeundwa Montreal, ukikaa karibu yake ikiwa inaunguruma tu imesimama meno yanagongana. Lakini niwaambie, nyie wa dizeli mlikuja karamu imeisha. Sisi tulikuta za moshi, na zile hazikuwa na namba tu, zilikuwa na majina. Klasi ya 29, 30 na 31 zilipewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki, bamba limebandikwa ubavuni, unasema leo kaja fulani. Moshi wenyewe ulikuwa wa mafuta mazito, shati jeupe ukilianika karibu na shedi unalivua kwenye kamba limekuwa la kijivu. 3020 iliitwa Nyaturu, ilitengenezwa Glasgow miaka ya hamsini, leo ipo makumbusho ya reli Nairobi. Mnyaturu wa watu wa Singida kaishia Nairobi peke yake, hana hata wa kumsalimia kwa kilugha.

Kisamaki sijui. Hiyo sio alama ya reli.

KiloleniYetu:
Shikamoo mzee wangu. Nakubali nimeshindwa, KT nimefuta.

NipoLeeds:
Shikamoo mzee wa kibendera. Mtoto wa kota hukuwa mwendawazimu, huku Uingereza huo ni mchezo wa watu wazima kabisa na una historia. Kulikuwa na jamaa anaitwa Ian Allan, mfanyakazi wa reli, 1942 akatoa kijitabu chenye orodha ya namba za vichwa vyote vya kampuni yake, watoto wakavinunua kama karanga, unaenda stesheni ukikiona kichwa unapiga mstari chini ya namba yake. Lengo lako maisha yote ni kumaliza kitabu. Mpaka leo nikienda kazini asubuhi nawaona wazee mwisho wa platifomu, chupa ya chai, kalamu, mvua inawanyeshea na wala hawana safari.

Ila walichonishangaza ni huzuni yao. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya bwana mmoja Beeching, ikashauri stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe, njia ndogo ndogo za mikoani zile za kwenda vijijini nyingi zikang'olewa. Halafu Agosti 1968 treni za moshi zikaondolewa kwenye reli yao ya taifa. Mzee mmoja jirani yangu anasimulia stesheni ya kijijini kwao unaweza kudhani anasimulia msiba wa jana, na siku hizi pale ni njia ya baiskeli. Nikamwambia kwetu Usoke na Urambo treni bado inapita, akaniangalia kwa wivu nikajisikia tajiri.

MchumiMkavu:
Sasa hapo ndio mnaponishinda. Watu mnalilia honi na moshi, mimi ninachokumbuka ni kulala sakafuni stesheni Tabora siku mbili na mdogo wangu anaharisha, kwa sababu mvua zimekata njia huko mbele na hakuna kinachosogea. Dar Kigoma ni kilomita 1,250 na ushee, ukifika karibu siku mbili bila tatizo unachinja kuku. Mwishoni mwa 2009 mto Mkondoa ukafumua reli kule Kilosa, watu tukawa tunapanda basi mpaka Dodoma ndio tuikute treni. Utoto ulikuwa mtamu kwa sababu nauli ilikuwa analipa baba. Leteni SGR, hii reli mpya ya kisasa, ile ya Dar Dodoma watu wanaenda asubuhi jioni wamerudi, na kipande cha Tabora Kigoma kilomita 506 mkataba ulishasainiwa 2022. Itakuwa ya umeme, mwendo mzuri, na huyo mtoto wa darasa la tano hatopata hata muda wa kusoma namba.

MzeeWaKibendera:
Mchumi hujasema uongo. Hizo siku mbili ulizolala wewe sakafuni mimi nimezilala kwenye behewa la gadi (msimamizi wa treni) porini baada ya Goweko, simba wanapiga makelele, na siku ya tatu gengi, wale mafundi wa njia, walivyokuja na kiberenge (kigari kidogo cha reli) wametuletea ugali nilitaka kulia. Lakini nikisikia honi nasimama. Hilo utalifanya nini.

BintiWaMwanga:
Nyie wa Tabora mnavyojisifia makutano! Reli yenyewe iliwafikia 1912 ikaona bado haijafika, ikaja kwetu Kigoma Februari 1914 ikaingia mpaka mlangoni kwa ziwa. Na msisahau hata MV Liemba ilikuja kwa treni, Wajerumani waliitengeneza kule kwao Papenburg, wakaifungua vipande vipande wakaipakia kwenye masanduku, ikapita hapo kwenu Tabora imelala kwenye mabehewa ndio ikaunganishwa Kigoma. Ingeandikwa alama gani kwenye daftari hiyo meli?

Sisi kuandika namba hatukuandika, mtoto wa kike ukae na daftari stesheni utafundishwa adabu. Lakini treni tulikuwa tunaijua kwa harufu. Nilikuwa nasoma bodingi mbali, nasafiri kwa waranti (hati ya nauli ya serikali), daraja la tatu, unalala umekaa, na macho yakiwa yamefungwa najua tumefika wapi. Saranda ni kuku na wali, watu wanashuka wanakimbia. Tabora asali, maembe kama ni msimu, na ule ubaridi wa saa kumi za alfajiri. Ukisikia wanawake chini ya dirisha wanagombania kukuuzia chumvi hiyo Uvinza, jiandae, funga mzigo. Kazuramimba wameanza kusalimiana Kiha behewa zima, mtu aliyekuwa kimya toka Morogoro anageuka msemaji. Halafu unaliona ziwa kwa kipande, linapotea, linarudi, na watu wote wanahamia dirisha la upande mmoja utadhani hawajawahi kuona maji.

Sasa kaka yangu kuhusu kisamaki. Unasema kinatoka Kigoma tu, na sio siku zote. Hiyo ni parseli! Kila mtu hapa alikuwa anatuma migebuka mikavu na dagaa kwa ndugu zake Tabora, unafunga kwenye tenga, unaandika jina kwa makaa kwenye kipande cha boksi, unampa mtu kwenye behewa la gadi na soda moja. Hebu muulize mama kama hamkuwa na ndugu Kigoma.

MtotoWaKota:
Binti wa Mwanga wewe ni mpelelezi. Nimempigia mama muda huu nikamsomea tarehe moja moja, kacheka mpaka kakohoa. Mama mkubwa alikuwa ameolewa Ujiji, mimi nilikuwa nimemsahau kabisa kwenye hii habari. Alikuwa anatuma migebuka na mawese kwenye kidumu, na mimi ndiye nilikuwa natumwa stesheni kupokea. Kisamaki ni siku niliyotumwa.

Nikamuuliza sasa mbona vingine vimekatwa mstari, viko vinne. Akanyamaza kidogo, nikajua sasa linakuja. Akasema hizo ndio siku ulizokaa juu ya mataruma unashindana namba na mwenzio, treni ikaungwa, ikaondoka, na tenga letu limo ndani likaenda mpaka Dodoma. Anasema siku mojawapo alikuwa ameshaweka maji ya ugali jikoni. Mstari nimeupiga mimi mwenyewe baada ya fimbo, ndio maana karatasi imechanika.

MzeeWaKibendera:
Dodoma hayakufika. Sisemi zaidi.

MtotoWaKota:
MZEE!!

Mama anauliza migebuka ya matenga manne kwa bei ya leo ni shilingi ngapi, nimuulize nani kati yenu wawili.

BintiWaMwanga:
Mwambie mama nampigia hesabu kesho asubuhi nikishuka Kibirizi, bei za mnadani. Mzee aandae yake na mtoto wa kota aandae yake.