Naomba ushauri: maji ya paa yatanitosha mwaka mzima?

Wakuu, heshima kwenu. Naishi Bugarika, hapa Mwanza, juu kwenye mawe. Ziwa naliona kila asubuhi, ila bomba langu linaweza kukaa siku nne bila kutoa tone. Nimechoka kununua madumu.

Paa ni la bati, mita za mraba 80 (nimepima kwa chini, si mteremko wa bati). Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nikitoa asilimia 20 ya kupotea, nabaki na lita 64,000. Tupo sita, lita 20 kila mtu kwa siku, sawa na lita 43,800 kwa mwaka. Kwenye karatasi inatosha kabisa! Kasheshe ni kiangazi. Juni hadi Agosti tu tunahitaji lita 11,040, na simtanki langu ni la lita 2,000.

Niongeze la lita 10,000 au nijenge tanki la zege? Kuchimba huku ni kupasua jabali, fundi kashanikimbia. Na mvua za kwanza mnazimwaga vipi? Bati limejaa vumbi na mavi ya kunguru.